Fomu Ilipofika Ukurasa wa Tatu

Abiria wa Kiomboi, mkoani Singida, hushukia Misigiri, kwenye njia panda. Basi la barabara kuu linaloelekea Nzega halimsubiri. Konda akishagonga bodi, safari imeendelea, na begi ambalo mwenyewe hakulidai kwenye buti linaondoka nalo. Gari la pili, lile la kwenda Kiomboi, halina habari na begi hilo. Dereva wake hajui abiria katokea wapi wala alikuwa amebeba nini.

Kurasa za wavuti zinaishi hivyo hivyo. HTTP, utaratibu wa mazungumzo kati ya kivinjari na seva uliobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, hauna kumbukumbu. Kila ombi ni geni. Mwombaji akijaza ukurasa wa kwanza wa fomu na kubonyeza "Endelea", ukurasa wa pili haumjui mpaka mtu aliyetengeneza mfumo awe amepanga namna ya kuuhamisha mzigo.

Pa kuyaona haya vizuri ni duka la steshenari, pale penye mashine ya kutoa kopi, kompyuta moja au mbili, na foleni ya vijana wenye bahasha za kaki. Mwombaji wa chuo anajaza fomu ya kurasa tano: taarifa binafsi, wazazi, shule, viambatisho, uthibitisho. Ukurasa wa kwanza umepita bila shida. Ukurasa wa tatu unafunguka na juu yake pameandikwa "Karibu, Ng".

"Kaka, mbona jina langu limekatika?"

"Mtandao huo, dada. Hebu turudi nyuma tujaribu tena."

Mtandao hubebeshwa lawama nyingi nchini, na mara nyingi unastahili. Hapa unasingiziwa. Mtandao mbovu huchelewesha ukurasa au huuzuia kabisa usifunguke. Hauna tabia ya kuchagua herufi mbili za jina na kuacha nyingine. Jina likikatika mahali palepale kila mara, aliyelikata ni msimbo, na alama ya kisu inaonekana: ni ile king'ong'o ya Ng'.

Mfumo ulichukua jina kutoka ukurasa wa kwanza ukaliweka kwenye sehemu iliyofichwa ya ukurasa wa pili, ili lisafiri hadi wa tatu. Ndani ya HTML ikaandikwa value='Ng'wana'. Kivinjari kinasoma kuanzia alama ya kwanza hadi inayofuata, kinapata Ng, kinafunga mlango. Kilichobaki hakina kwao. Mtengenezaji anaweza kuapa kwamba alijikinga, na pengine ni kweli: PHP, lugha ambayo mifumo kama huu huandikiwa upande wa seva, ina kazi ya htmlspecialchars, ambayo hugeuza alama za hatari kabla ya kuzichapa. Ila mpaka toleo la 8.1 lilipotoka mwaka 2021, kazi hiyo isipopewa maelekezo ya ziada iligeuza alama za nukuu mbili tu na kuiacha ya nukuu moja ipite. Katika ukanda wenye majina ya Kisukuma, hilo si kosa la nadra. Mtengenezaji aliyejaribu mfumo wake kwa majina ya Juma na Asha hawezi kuliona hata akikesha.

Kulitafuta kosa la namna hii hakuhitaji uganga. Ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, tuma fomu, kisha tazama kilichoondoka. Upande wa seva, chapisha nzima $_POST, kapu ambamo PHP huweka data ya fomu, na utazame kilichofika. Jina likiwa zima mahali pamoja na pungufu pengine, kosa liko katikati ya hapo, na hakuna haja ya kupekua kurasa zote tano. Wengi huanza na ukurasa unaolalamika, ambao kwa kawaida ndio usio na hatia. Hapohapo mtu ataona pia kosa kongwe kuliko yote: kisanduku chenye id lakini kisicho na name. Kivinjari hakitumi kitu kisicho na name, hata kama kwenye kioo kimejazwa vizuri.

Namba nazo zina vituko vyake. Namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA ambayo wenye laini za simu walilazimika kuijua ili kuzisajili kufikia Januari 2020, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Macho yanaona namba, basi mtengenezaji anaitendea kama namba. Lakini PHP kwenye kompyuta ya biti 64 hubeba namba kamili mpaka 9,223,372,036,854,775,807, nayo ina tarakimu 19. Ikizidi hapo hugeuzwa kuwa desimali, tarakimu za mwisho zinabadilika, na ukurasa wa uthibitisho unaonyesha kitu kinachoanzia 1.995 na kuishia E+19. Anayehamia safu kubwa zaidi ya hifadhidata ya MySQL, BIGINT isiyo na hasi, anafika 18,446,744,073,709,551,615. Nafasi hiyo ingemtosha mwombaji aliyezaliwa mwaka 1844 au kabla. Namba ya NIDA ni maandishi, ihifadhiwe kama maandishi. Na namba ya simu vilevile, la sivyo sifuri ya mwanzo ya 07 inaliwa.

Anayeandika simu kwa +255 ana balaa jingine. Fomu yenyewe ikituma, kivinjari huigeuza alama hiyo kuwa %2B na inafika salama. Taabu huja pale mtengenezaji anapojiungia kiungo kwa mkono ili kumpeleka mtu ukurasa unaofuata: kwenye anwani, jumlisha husomwa kama nafasi tupu. Namba ya mtihani wa kidato cha nne, yenye mkwaju kati ya namba ya shule na ya mtahiniwa, ikipachikwa ndani ya njia ya anwani hugawanyika vipande viwili, na seva inatafuta ukurasa ambao haujawahi kuwepo.

Kwenye viambatisho ndiko watu hutoa machozi. Mwombaji amepiga vyeti picha kwa simu, mafaili matatu mazito, anatuma, na mfumo unamjibu kwamba hajajaza jina. Jina liko pale, amelijaza! Chanzo ni post_max_size, ambayo PHP huja nayo ikiwa megabaiti 8. Mzigo ukizidi kipimo hicho, $_POST na $_FILES vyote vinaachwa vitupu, na ukurasa usio na kitu mkononi unalalamikia kisanduku cha kwanza unachokikuta. Bando limeliwa, ujumbe ni wa uongo. Mfumo wa heshima ungetazama kwanza ukubwa wa ombi, kisha useme wazi kwamba picha ni nzito.

Watengenezaji wengi hukwepa sehemu zilizofichwa kwa kutumia sesheni: data inabaki kwenye seva, kivinjari kinabeba kidakuzi chenye namba ya utambulisho tu. Vidakuzi vililetwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994, na vimetatua mengi. Kwa duka la steshenari, vimeleta jipya. Sesheni ya PHP kwa kawaida huhesabiwa imechakaa baada ya sekunde 1,440, yaani dakika 24, na mwombaji anayetoka nje kumpigia mzazi amuulize namba ya kitambulisho anaweza kuzimaliza zote bila kugusa kompyuta. Zaidi ya hapo, ufagio wa sesheni zilizochakaa hupita kwa bahati nasibu, katika mipangilio ya asili mara moja kwa kila maombi mia. Ndiyo maana leo fomu inapotea na kesho, kwa kuchelewa kulekule, inakubali.

Zito zaidi ni lile la tabo mbili. Foleni ni ndefu, kijana wa duka anafungua tabo ya mteja wa pili wakati wa kwanza bado anatafuta cheti. Kivinjari ni kimoja, kidakuzi ni kimoja, sesheni ni moja. Shule ya mteja wa pili inaandikwa juu ya shule ya wa kwanza, na hakuna ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu kwa macho ya seva aliyepo ni mtu mmoja aliyebadili mawazo. Dawa ni kila ombi kupewa namba yake, isafiri ndani ya fomu yenyewe ukurasa hadi ukurasa, na seva ihakiki namba hiyo ni ya nani kabla ya kuandika chochote.

Mpaka mfumo urekebishwe, dukani kuna njia ya mkato. Madirisha mawili ya siri ya Chrome hayasaidii, maana yakifunguliwa pamoja yanagawana vidakuzi. Kinachofaa ni mteja mmoja kukaa kwenye Chrome na mwingine kufunguliwa Firefox, na wa tatu asubiri kwenye benchi mpaka mmoja wao akabidhiwe karatasi yake.