Gurudumu Mguuni: Nimeyavaa Makatambuga ya Bodaboda!

Jamani, nimeyavaa! Makatambuga ya tairi la pikipiki, yamekatwa na kugongwa misumari mbele ya macho yangu hapa Kabasa, Bunda, na tangu niyatie mguuni sitaki kukaa chini. Kama unayakumbuka yale ya zamani ya tairi la gari, mapana kama sinia, yafute kichwani. Hili ni toleo jingine kabisa. Ni jembamba, limepinda, na kingo zake zimepanda kidogo pembeni mwa mguu kana kwamba zinaushika usichepuke. Na huku chini, jamani, bado kuna meno ya tairi!

Tuanze na malighafi, maana siri yote iko hapo. Fundi alipitisha kidole gumba katikati ya tairi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hili la nyuma, mura. La mbele linachelewa kuisha, hawatuletei." Gurudumu la nyuma ndilo linalovutwa na mnyororo, ndilo linalobeba abiria na gunia lake, kwa hiyo linafika kwa fundi likiwa kipara katikati na meno yamebaki pembeni. Kwa barabara ni tairi lililokufa. Kwa mguu ni soli yenye breki mbili za pembeni. Kisu anakichovya kwenye kopo la maji kila baada ya mchano, la sivyo mpira unakikaba. Matairi ya gari yenye waya za chuma hayapendi hata kidogo, kwani waya unaua makali ya kisu na baadaye unachungulia kisiginoni mwa mteja. La pikipiki hili lina nyuzi za nailoni ndani. Linakatika vizuri, na matabaka yake yakibanduliwa ndiyo yanayotoa mikanda. Hakuna gundi wala kamba za kufunga. Hakuna cha kuchaji!

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nipige kelele mpaka wateja wengine wakanitazama. Soli haijanyooka! Imekatwa kwenye duara na ukaidi wa duara bado imeubeba. Unakanyaga kisigino, mguu unabingirika wenyewe hadi vidoleni, na kabla hujafikiri umeshaanza hatua nyingine. Mwaka 1996 Mswisi Karl Müller alianza biashara ya viatu vya MBT, vyenye soli iliyopinda namna hiyohiyo, na ile M ya MBT inawataja Wamasai, ambao kampuni iliwasifu kwa kutembea vizuri. Watu wa Ulaya na Marekani wakavinunua kwa fedha ambazo hapa zingekurudisha nyumbani na mbuzi kadhaa. Skechers nao wakaja na Shape-ups, wakinadi kwamba kuvivaa tu kunapunguza unene, na mwaka 2012 wakakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza madai ya serikali ya Marekani juu ya ahadi hizo. Fundi wangu hakuniahidi kiuno chembamba. Aliniahidi kwamba misumari haitatoka. Na hao Wamasai wenyewe, ukiwatazama miguuni, wengi wamevaa tairi.

Niliingia kwenye hesabu (nivumilieni, mpenzi wa viatu hajizuii). Tairi la nyuma la pikipiki za kawaida lina mzunguko wa karibu mita 1.9. Kwa mguu wa kiasi changu linatoa soli sita, yaani jozi tatu. Tairi lililozoea mishikaki, dereva na abiria wawili waliobanana, bado linabeba watu watatu, ila sasa kila mmoja anashika njia yake. Kuna zaidi. Likiwa barabarani, kila kipande chake kiligusa ardhi karibu mara 525 kwa kilomita moja. Mguuni mwangu, kwa hatua za sentimita 70, kinagusa zaidi ya mara 700. Mpira umestaafu mbio, kazi ikaongezeka!

Kwingineko wanakwenda kinyume na sisi. Heelys, viatu vya watoto vyenye gurudumu kisiginoni, viliingia madukani Marekani mwaka 2000. Mwaka 2022 Shift Robotics, nao wa Marekani, wakatangaza Moonwalkers, viatu vyenye magurudumu na mota, vya kumwezesha mtembea kwa miguu kwenda hadi kilomita 11 kwa saa. Navitamani, sikatai. Lakini tazama vizuri: kule wanauchukua mguu uliokuwa ukienda taratibu wanaufunga gurudumu uwahi. Kabasa tunalichukua gurudumu lililowahi maisha yake yote, tunalifunga mguuni liende kilomita tano kwa saa. Na usinitajie ile methali ya haraka na baraka, kwa sababu bila haraka viatu hivi visingekuwepo. Asubuhi kila mtu yuko juu ya pikipiki: mwalimu, mgonjwa, mama na ndoo ya dagaa, mwanafunzi aliyechelewa. "Wahi, dereva!" Kila "wahi" inakwangua mpira kidogo.

Nilipokuwa navijaribu, mzee mmoja pembeni alicheka. "Sasa utafika Butiama navyo?" Nikamjibu kwamba Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, Oktoba 1967, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Mzee akasema Mwalimu hakuwa na simu ya kumwita kila baada ya dakika mbili. Hilo sikuwa na jibu lake, maana ya kwangu ilikuwa inaita.

Kasoro? Zipo. Ni mazito, na jioni mapaja yanakukumbusha. Ukingo wa mpira mpya unakwaruza kidole cha mwisho mpaka ulainike. Sakafu ya vigae inabaki na michirizi myeusi, kwa hiyo ukienda ukweni yaache mlangoni. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga unanata kwenye meno na unajikuta umerefuka bila kuomba. Kwenye changarawe na majabali, hata hivyo, sijawahi kushika ardhi namna hii! Nilipanda mwamba kwa hatua za mbuzi, nikashuka, nikapanda tena kwa furaha tu.

Bei ni ya kupatana, na ukilalamika sana fundi anakuonyesha kidole chake chenye makovu ya kisu.

Nikaagiza jozi ya pili papo hapo, ya mke wangu. Fundi akasema nisubiri.

"Mpaka lini, fundi?"

"Tairi lako bado liko barabarani."

Akaelekeza nyundo kijiweni, ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na pikipiki nyekundu, dereva amejilaza juu ya tangi, tairi la nyuma limebakiza meno machache katikati. Ameshakubaliana na mwenyewe, fundi alisema, likiisha linakuja kwake. Mama mmoja akafika na kikapu, akapanda, akamgonga dereva begani. "Twende, baba, nimechelewa." Wakaondoka kwa kasi, vumbi likatujaa sisi wote, nami nikajikuta nampungia mkono.