Vigunduzi vya Redio na Majina Yake

Mwanaistilahi akabidhiwapo kifaa cha kale ili akipe jina, aghalabu hulifuata jina la kigeni hatua kwa hatua. Kwa vigunduzi vya kwanza vya mawimbi ya redio njia hiyo ina hatari, kwani baadhi ya majina hayo hayaelezi kazi ya kifaa bali dhana ya mtu aliyelitunga jina.

Mwaka 1890 Édouard Branly wa Ufaransa alionyesha kwamba chembe za metali zilizotiwa katika neli ya kioo hupitisha umeme kwa wepesi cheche irukapo karibu nazo, na kwamba neli ikigongwa hurudia hali ya awali. Mwaka 1894 Oliver Lodge wa Uingereza alikiita kifaa cha namna hiyo kohera, kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushikamana, kwa kuwa aliamini kwamba chembe hizo huganda pamoja. Branly hakuridhia. Yeye alipendelea jina la kipitishi kinachoathiriwa na mnururisho, lililoanza na 'radio'. Jina hilo limesahauliwa, ingawa nusu yake ya kwanza sote twaitamka kila siku.

Audioni ya Lee de Forest wa Marekani, ya mwaka 1906, ina kasoro kubwa zaidi. Jina lake limeunganisha kusikia na ayoni, kwani mwenyewe alidhani kuwa ayoni za gesi ndizo zitendazo kazi. Baadaye ilidhihirika kwamba taa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi gesi ikiondolewa. John Ambrose Fleming alikuwa na busara zaidi mwaka 1904: taa yake hupitisha mkondo upande mmoja tu, naye akaiita vali. (Sharubu la paka, ule uzi wa waya uliogusishwa kwenye jiwe la galena, ni mzaha usiomdanganya mtu.)

Je, kohera tuiite kishikamanishi? Hatukubali. Kwanza, tutakuwa tumeithibitisha dhana ya Lodge kwa jina tu. Pili, umbo hilo lamaanisha kitu kinachoshikamanisha vingine, ilhali kwa maelezo yake mwenyewe chembe ndizo zishikamanazo. Kitambuzi nacho chaahidi mno: kutambua ni kukijua kitu ulichokwisha kukijua, na neli ile haikuweza kupambanua wimbi la mtumaji na cheche ya radi. Kugundua ni kufichua kilichofichika, basi. Twapendekeza kigunduzi kwa jumla ya vifaa hivi, na kohera ibaki kohera, kama jina la kihistoria.