Pikipiki ya spoti na barabara yetu ya mawe

Bandugu, wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha tatu ku WhatsApp. Zote zilikuwa za pikipiki moja: Yamaha R15 ya buluu, ya okazyo, imesimama mbele ya duka na jua likiipiga vizuri. Hakusalimia. Aliandika tu: "Yaya, hii je?"

Amemaliza lisansi, amepata kazi yake ya kwanza hapa Goma, na miezi sita amekuwa akiweka dola pembeni. Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Si kwamba sikuwa na la kusema, nilikuwa nalo mingi, juu miaka miwili mimi mwenyewe nilikuwa na pikipiki ya darasa lile lile, ya kampuni ingine, cc 250. Na kwa vile najua wengi humu ndani mnaota ndoto hiyo, jibu lake naliandika hapa wazi.

Nianze kwa kuipa haki yake. R15 si kitu cha mchezo. Yamaha iliitoa India mwaka 2008 na injini ya cc 149 inayopozwa kwa maji, wakati pikipiki ndogo karibu zote za sokoni kule zilikuwa zinapozwa na upepo tu. Siku hizi imefika cc 155, vitesi sita, nguvu za farasi karibu 19. Ni nyepesi, kilo kama 140, na ina freni za diski mbele na nyuma. Mtu akijifunza nayo juu ya lami safi, inamfundisha vizuri: inamsamehe akifungua gazi vibaya, inasimama inapotakiwa kusimama. Mweke huyo huyo juu ya R6 ya cc 600, yenye farasi zaidi ya 100, kosa moja la mkono wa kuume na hakuna muda wa kuomba msamaha. Wale wanaosema mwanzo uwe kwa ndogo, wana haki kabisa. Hapo sibishani.

Ninabishana pale mtu anaposema: basi ndiyo nzuri ya kwendea kazini.

Zile farasi 19 ziko wapi? Ziko ku mizunguko 10,000 kwa dakika. Hiyo injini ya cc 155 ina mpango wake wa valvu unaobadilika ikifika kama 7,400, njo hapo inaanza kuimba. Sasa uniambie, kati ya Katindo na Ndosho, saa moja na nusu asubuhi, utafika 7,400 mahali gani? Mbele yako kuna chukudu imebeba magunia ya viazi. Kuna mama anavuka na beseni. Kuna jiwe la volkano limetokeza kichwa katikati ya njia tangu tulipokuwa watoto, na hakuna aliyewahi kulitoa. Uko vitesi ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena. Chini kule injini ya spoti inalala, na wewe unaiamsha kwa ambreyaji: nusu umeshika, nusu umeachia, safari nzima. Ambreyaji yangu niliimaliza mapema sana, na kosa lilikuwa langu na la barabara, si la waliotengeneza. Wao hawakuniahidi Ndosho.

Halafu mikono. Watu wanadhani kuinama ni urembo tu. Hapana, kuna hesabu ndani yake. Ukienda kilomita 100 kwa saa, upepo unakusukuma kifuani, unapunguza uzito ku viganja. Ukienda 20 hakuna upepo wa kukubeba, uzito wote wa kifua unakaa ku viganja, na kila jiwe linapita ndani ya gido mpaka ku kiwiko. Nilifika kazini nikaketi mbele ya kompyuta, vidole havitaki kuandika. Bosi akadhani nimekunywa. Kukata kona ndiyo taabu ingine: gido fupi la chini haligeuki mingi, linagusa tangi na plastiki mapema. Njia ambayo motari wa TVS anageuka mara moja, wewe unashuka mguu, unarudi nyuma, unaenda mbele, na watoto wanakuhesabia. Kiti cha R15 nacho kiko milimita 815 juu. Mdogo wangu si mrefu, hilo nilimwambia kwa simu tu, si la kuandika hapa. (Nimeshaliandika. Atanisamehe.)

Na plastiki! Hapa njo pana uchungu wangu. Anayeanza anaanguka, hakuna mjadala. Ila haanguki kama kwenye filamu. Anaanguka pikipiki ikiwa imesimama: mguu umekosa jiwe, mzigo umeelemea, basi, taratibu, kama mzee anayeketi. Pikipiki ya kawaida ikianguka hivyo, kishikio kinapinda, fundi anapiga nyundo mara tatu, unaendelea. Ya spoti ikianguka hivyo, ubavu mzima unapasuka, kilinda-upepo kinapasuka, na pyesi unaagiza Kampala au zaidi ya hapo. Mimi sikuagiza. Nilishona na waya. Kwado mmoja akinijazia upepo aliniuliza: "Docteur, hii pikipiki yako inavaa bandeji, imelazwa wapi?"

Kila mashine ni jibu la swali fulani, na mara nyingi sisi tunanunua jibu bila kuangalia swali lilikuwa gani. Hizi za spoti ndogo zilizaliwa katika sheria na lami za watu wengine. Japani, pikipiki isiyozidi cc 250 haipitii ule ukaguzi wa lazima wa gari ambao unakula pesa, kwa hiyo kampuni zinamwaga ufundi wao ku cc 250. Ulaya, kijana anaanza na leseni ya A1: cc 125, kilowati 11, basi. Akipanda anaingia A2, kilowati 35. Kampuni zinamtengenezea kitu kinachofanana na cha wakubwa huku anangoja. Na ata huko "ndogo" haibaki ndogo: Ninja ya Kawasaki ilikuwa cc 249, ikawa 296, na mwaka 2018 ikawa 399 na farasi karibu 45, bado wanaiita ya wanaoanza.

Swali letu lilishaulizwa na wengine, na lilipata jibu lake. Miaka ya 1970 Honda ilitengeneza CG125 kwa ajili ya nchi ambako watu wanabeba mingi na kutengeneza kidogo. Ilirudi ku fimbo za kusukuma valvu, ufundi wa zamani, juu unavumilia. Injini hiyo imenakiliwa na viwanda vingi vya China, na wajukuu wake wanapanda vilima vyetu kila siku na watu watatu na mbuzi. Hakuna anayeweka picha yake ku profaili.

Njo tunafika ku jambo lenyewe. Nilipomwambia mdogo wangu atafute TVS au Boxer, alinijibu: "Yaya, ile njo ya bamotari. Miye niko na lisansi."

Sikucheka, juu mimi pia njo sababu iliyonifanya ninunue yangu. Nusu ya tuliosoma nao wanaendesha moto hapa mjini, wamefunika diplome na plastiki isiloe. Tukipata kazi, hofu yetu si mvua wala matope. Hofu yetu ni kusimama ku rond-point Chukudu, umevaa shati la kazi, na mtu anakuita kwa kidole: "Motari! Birere ni ngapi?" Tunalipa mara mbili, tunaumiza viganja, tunashona plastiki na waya, ili swali hilo lisiulizwe. Mimi niliilipia heshima hiyo miaka miwili, na siku za mvua niliiacha nyumbani, nikapanda moto ya mwenzangu wa darasa. Alikataa pesa yangu. Hiyo iliniuma kuliko viganja.

Kama unaishi Lubumbashi na kazi yako iko mwisho wa lami, nunua, uende salama. Kama uko hapa, chukua ya kawaida, na dola zinazobaki zinunue kaske nzuri, ile inayofunga kidevu, pamoja na glavu. Mdogo wangu bado ana hasira. Ameniambia atafikiri.

Mimi siku hizi nina TVS nyekundu. Juzi jioni mvua ilipoanza, mama mmoja alinisimamisha pale Instigo, kifurushi kichwani: "Motari, Ndosho ni ngapi?" Nilikuwa naenda Ndosho. Nikamuambia apande.