Mjumbe Asiye na Kiti

Neno mjumbe lina maana mbili katika Kiswahili. Mjumbe ni mtu aliyetumwa kupeleka habari, naye hulindwa na desturi, maana mjumbe hauawi. Mjumbe pia ni mtu mwenye kiti barazani, ambaye sauti yake huhesabiwa shauri linapokatwa. Kitabu cha Martin Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa mwaka 1932, chasimama katikati ya maana hizo mbili. Ni rahisi kukisoma kama kitabu cha safari tu, kazi ya mtumishi wa serikali aliyekwenda kuyastaajabia ya ugenini. Kusoma hivyo si kosa, lakini ni kuishika nusu ya kitabu na kuiacha nusu.

Safari yenyewe ilifanyika mwaka 1931. Kutoka Tanganyika walikwenda watu watatu: Kayamba, karani wa Tanga aliyekianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mwaka 1922, Mtemi Makwaia wa Shinyanga, na Francis Lwamugira wa Bukoba. Waliitwa mbele ya kamati ya mabaraza mawili ya Bunge la Uingereza, mwenyekiti wake akiwa Lodi Stanley wa Alderley, waulizwe juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Wao walilikataa, kwa kuchelea kutiwa chini ya nguvu za walowezi wa Kenya. Mwaka ule ule kamati ikatoa taarifa yake, ikasema wakati wa muungano haujawadia.

Sasa yafaa kuuliza ni nani waliokaa upande wa pili wa meza. Baraza la Malodi la siku zile lilikuwa na watu waliorithi viti kwa baba zao, watu waliopewa cheo na mfalme, na maaskofu 26 wa Kanisa la Kiingereza. Sheria ya mwaka 1911 ilikuwa imelipunguzia nguvu, lakini kiti kilibaki kiti. Wanawake hawakuketi humo hata mwaka 1958. Lugard, aliyepewa ulodi mwaka 1928, alikuwa mmoja wa kamati. Naye Lodi Delamere, kiongozi wa walowezi, alikuwa amerithi ulodi mwaka 1887, na Nairobi alikuwa pia na kiti katika Baraza la Kutunga Sheria. Basi tazama jambo la ajabu: wenye viti hawakutumwa na mtu, na waliotumwa hawakuwa na viti.

Ili kuupima uzito wa jambo hili, msomaji na aiangalie nchi iliyopakana na Kenya, ambayo muungano ungeigusa mapema, wala haikuwa na mtu wake katika safari ile: nchi ya Musoma, Bunda na Butiama. Huko desturi ya kuketi barazani ilikuwa nyingine. Miongoni mwa Wazanaki na Waikizu, mtu aliipata nafasi ya kusema kwa kupanda ngazi ya rika na kizazi chake, na kizazi kilichokwisha muda wake kilikiachia kinachofuata. Masimulizi ya Waikizu, ambao nchi yao i katika Bunda ya leo, humtaja mwanamke mleta mvua, Nyakinywa, kuwa mtemi wao wa kwanza. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kule kulikuwa na haki kamili. Wazee walizungumza, na vijana na wanawake wengi walingoja nje kusikia lililokatwa. Na utemi wa Nyerere Burito huko Butiama, alioushika tangu mwaka 1915 hata alipofariki mwaka 1942, ulipata idhini yake kwa Wadachi.

Kwa nuru hiyo, jina la kitabu cha Kayamba lajieleza lenyewe. Kuona kumetangulia, kufanya kumefuata, na kitenzi cha tatu hakipo: hakuna "tulivyoamua". Tena kiambishi kile cha "tu" chabeba mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Mtemi mmoja, na watu wawili wa kalamu, waliteuliwa na serikali iliyowatawala. Lakini walisemea nchi nzima, pamoja na mvuvi wa Musoma asiyejua kwamba anasemewa. Mtetezi wa Kayamba atajibu kwamba mtumishi wa serikali, akiandikia wachapaji wa kimisheni, hakuwa na nafasi ya kusema zaidi. Na tena kwamba neno lao lilisaidia kuuzuia muungano. Yote mawili ni kweli. Walakini kusikilizwa si kuketi, na mhakiki anayeyachanganya hayo humsifu Kayamba kwa kitu ambacho hakupewa.

Yaliyofuata yathibitisha hivyo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na Mwafrika hakuingia mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia, mtoto wa yule mtemi aliyehojiwa London. Mtoto wa Nyerere Burito, Julius, aliyekuwa na miaka tisa wakati wa safari ya Kayamba, aliteuliwa mwaka 1957, akajiuzulu mwaka ule ule alipoona mapendekezo yake hayapokelewi. Mwaka 1958 akarudi kwa kura za Jimbo la Mashariki. Hapo maana mbili za mjumbe zilikaribiana, ijapokuwa kura yenyewe ilikuwa ya wenye elimu, kipato au cheo, na watu wengi wa Butiama wasingeruhusiwa kuipiga.

Kwa hiyo kitabu hiki kisifundishwe kama kioo cha Uingereza. Ni ushuhuda wa mtu aliyesema vizuri mahali ambapo hakuweza kuhesabiwa. Mwanafunzi akikifungua na aulize, katika kila "tu" aionayo: ni nani aliyetuma, na ni nani aliyeketi?