Mikono ya John Small

Katika miaka ya 1770, kijiji cha Hambledon huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, kilikuwa na klabu ya kriketi iliyozitoa jasho timu za Kent na Surrey. Juni 1777, uwanjani Sevenoaks, iliibwaga timu ya England kwa ingizo zima (zamu ya kupiga) na mikimbio 168. James Aylward peke yake alivuna 167. Sifa zote ni zake siku hiyo, lakini mimi macho yangu yako kwa John Small.

Small alikuwa fundi viatu wa Petersfield aliyehamia kwenye kutengeneza magongo na mipira ya kriketi. Hakuhama mbali. Ndani ya mpira ule kuna kipande cha gome, lilelile la vizibo vya chupa, kinachozungushiwa uzi. Uzi huvutwa kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana palipolegea ndipo patakapobonyea. Kisha huvikwa ngozi: msharasi unatoboa, sindano inafuata, mshono unakazwa. Sheria za 1774 zilitaka uzito usipungue wakia 5 na nusu wala kuzidi 5 na robo tatu. Robo wakia tu, kwa kitu cha kushona kwa mkono!

Gongo nalo lina habari yake. Mpira ulipokuwa ukiviringishwa chini, gongo lilipinda mwishoni kama la hoki. Warushaji walipoanza kuudundisha, pindo lile likawa mzigo, na gongo likanyooshwa. Small ni miongoni mwa waliowahi kujua kulitumia hilo jipya: kulishika wima, kuuzuia mpira kwanza, kupiga baadaye.

Mei 1775, London, watano wa Hambledon walikutana na watano wa Kent. Small aliingia wa mwisho, ikihitajika mikimbio 14. Mrushaji wa Kent siku hiyo, Lumpy Stevens, mtunza bustani aliyekuwa na shabaha ya kutisha, alimpita mara tatu. Mara zote tatu mpira ulipenya katikati ya vijiti viwili vya wiketi bila kukiangusha cha juu, hivyo hakutolewa, na Small akazipata 14 zake. Alibahatika, nani abishe? Lakini bahati haikumpigia hata mkimbio mmoja. Baada ya hapo wiketi ikaongezwa kijiti cha tatu, na hata leo mpigaji husimama mbele ya vitatu.