Siku Inayoanza Saa Tisa Usiku

Usiku wa Alhamisi, 17 Oktoba 2024, Seneti ilipokuwa ikipiga kura kumbandua Naibu Rais Rigathi Gachagua, sisi wa Mau Narok tulikuwa tumejazana dukani kwa ajili ya runinga na jiko la makaa. Huku juu hakuna anayelala mapema habari zikiwa moto, ila baridi humfukuza aliyekosa nafasi karibu na jiko. Kura zikaisha mwendo wa saa tano. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia la viazi akanigeukia: "Mwalimu, mtu akitolewa hivi, pensheni anapata?" Nikatoa simu, nikafungua Wikipedia. Asubuhi yake Rais akamteua Kithure Kindiki kushika nafasi hiyo, na Bunge la Taifa likampitisha siku hiyohiyo kwa kura 236. Mzee yuleyule akaniita tena: "Na huyu alisomea wapi?"

Nilifungua kurasa mbili, basi. Kwa kuwa Wikipedia huweka hadharani hesabu ya kila ukurasa unaofunguliwa, nilitaka kufahamu hizo mbili zangu ziliingia wapi.

Jambo la kwanza linalomkwaza Mkenya katika hesabu hizo ni kalenda. Siku ya Wikipedia hufuata saa za dunia, UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Siku mpya kwao huanza saa tisa usiku kwetu. Swali la pensheni, lililoulizwa baada ya saa tano, liliingia Alhamisi kwa sababu Alhamisi ya UTC ilikuwa bado na saa nne mbele yake. Swali la Kindiki likaingia Ijumaa. Mchambuzi akichora grafu ya siku kwa siku ataona majina hayo mawili yakipokezana vizuri, moja leo, jingine kesho. Ni bahati tu. Maseneta wangebishana hadi saa kumi alfajiri, wote wawili wangeingia Ijumaa, na grafu ingedai kwamba nchi iliwauliza kwa pamoja. Ndiyo maana mimi, kwa habari ya usiku, siiamini grafu ya siku. Hesabu ya saa kwa saa ipo na ni bure, shida yake ni ukubwa wa mafaili.

Simu yangu ilipoomba ukurasa, ombi halikuwa na haja ya kufika Marekani. Vituo vya Wikimedia, shirika linaloiendesha Wikipedia, vilivyo karibu nasi viko Ulaya, Amsterdam na Marseille, na huko huwekwa nakala za kurasa zilizokwisha kuandaliwa. Seva hukupa nakala, kisha huandika mstari mmoja kwenye daftari lake: ukurasa gani, saa ngapi, kutoka anwani ipi ya mtandao, kwa kifaa gani. Mistari hiyo huchujwa baadaye. Kilichoshindwa kufunguka hutolewa. Roboti linalojitambulisha huwekwa kando, na tangu 2020 liko fungu la tatu kwa programu zinazojifanya watu. Wanaobaki ndio huitwa wasomaji. Nchi ya msomaji hukisiwa kwa anwani ya mtandao, kwa hiyo kijana wetu aliyeko Doha akiuliza habari za Gachagua, aliyeuliza ni Qatar.

Nakala hizo zina kisa chao. Tarehe 25 Juni 2009 Michael Jackson alifariki, na watu wakakimbilia makala yake wakati uleule wahariri walipokuwa wakiirekebisha dakika kwa dakika. Kila rekebisho hufuta nakala iliyokuwa tayari. Fikiria kibanda cha chai chenye chupa moja kubwa: maadamu imejaa, wateja mia watahudumiwa bila taabu. Sasa kila baada ya dakika mtu anaimwaga kwa kuwa amebadilisha kiasi cha sukari, na wateja wote mia, badala ya kungoja, wanaingia jikoni kila mmoja na sufuria yake. Seva zililemewa namna hiyo, zote zikipika ukurasa uleule kwa wakati mmoja, na tovuti ikayumba. Dawa iliyotungwa baadaye iliitwa PoolCounter. Mpishi ni mmoja, wengine wanasubiri, na subira ikizidi wanapewa chai ya zamani. Ukifungua makala ya mtu aliyefariki nusu saa iliyopita ukakuta bado inamtaja kama yu hai, pengine umepewa chai hiyo.

Tarehe hiyohiyo, miaka 15 baadaye, ilitufika sisi. Alasiri ya 25 Juni 2024, vijana wakiwa wameingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, mtandao nchini ulidorora vibaya, na mashirika ya nje yanayopima mwendo wa intaneti yakaliona anguko hilo. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema siku moja kabla kwamba haikusudii kuuzima. Safaricom ikaeleza kuwa nyaya za chini ya bahari zilikuwa na hitilafu. Mswada ukaondolewa kesho yake. Anayechambua hesabu za siku hiyo akumbuke kwamba saa zilizokuwa na maswali mengi ndizo zilizokuwa na mtandao dhaifu. Grafu haina namna ya kuonyesha swali lililoishia kwenye kiduara kinachozunguka.

Kosa jingine, na hili nimeliona likifanywa na watu wenye elimu zao, ni kulinganisha miaka isiyolinganishika. Hesabu za wazi za saa kwa saa zilianza Desemba 2007, kazi ya mhandisi Domas Mituzas. Uchaguzi wetu ulikuwa tarehe 27 ya mwezi huohuo, na moto wa ghasia uliofuata uliwaka hapa hapa kwetu, Molo, Njoro, Nakuru. Mtu anaweza kutamani kuuweka mwaka huo kando ya ule wa uchaguzi wa 2022 aone Wakenya walitafuta nini. Asithubutu. Hesabu za awali zilichanganya roboti na watu, tena hazikuhesabu ukurasa wa simu za mkononi, na sisi tuliingia mtandaoni kwa simu. Hesabu inayotumika leo, yenye simu na isiyo na roboti, inaanzia mwaka 2015. Kabla ya hapo, Mkenya msomaji hakuonekana sawasawa.

Na anapoonekana, hutafuta nini? Habari yenyewe huipata kwingine, redioni au WhatsApp. Wikipedia huijia kwa swali la pili: huyu ni nani, ana umri gani, kabla yake alikuwepo nani, cheo hiki kina nguvu gani. Makala ya mtu hupanda kama mlima wa Longonot na kuteremka ndani ya siku chache. Za vyeo na sheria hupanda kilima kidogo tu, zikakawia kidogo. Wakenya walio wengi husoma toleo la Kiingereza, kwa hiyo kwenye orodha ya jumla ya toleo hilo tunamezwa na Marekani na India. Mwaka 2023 iliyoongoza humo ni makala ya ChatGPT, iliyofunguliwa zaidi ya mara milioni 49. Orodha ya watu waliofariki katika mwaka husika haikosi kuwa karibu na kilele, mwaka baada ya mwaka. Binadamu hupenda kujua nani ametangulia.

Raila Odinga alipofariki India tarehe 15 Oktoba 2025, swali la pili lilikuwa na sura nyingine kwetu. Jina lake huku limefungamana na Msitu wa Mau, tangu alipokuwa Waziri Mkuu na kikosi kazi kikatoa ripoti kuhusu msitu huo mwaka 2009, kisha watu wakaondolewa msituni. Chukua sasa msomaji wa mbali anayeandika "Mau" peke yake. Atapelekwa kwenye ukurasa wa njia panda wenye Mau Mau, wenye milima, na wenye paka wa Misri, maana yuko paka anayeitwa hivyo. Akichagua "Mau Narok" huenda anautafuta mji wa Narok, ulio kaunti nyingine, wakati sisi tuko Njoro, Kaunti ya Nakuru. Hesabu itamwandika kama mtu aliyetutafuta. Na jina linaloelekeza kwenye makala nyingine huhesabiwa peke yake, kwa hiyo anayejumlisha lazima akusanye majina yote ya kitu kimoja, hata yale yenye herufi zilizokosewa.

Wiki ya mazishi ya Raila, Wikimedia Foundation ilieleza kwamba ufunguaji wa kurasa unaofanywa na binadamu ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 8 ukilinganishwa na miezi kama hiyo mwaka 2024. Chujio la roboti lilikuwa limekazwa baada ya wimbi la ajabu la maombi ya kurasa lililoonekana kutoka Brazil, na injini za utafutaji nazo siku hizi hukujibu papo hapo, tena kwa maneno yaliyotoka Wikipedia yenyewe. Aliyesoma umri wa Raila juu ya majibu ya Google ameisoma Wikipedia, ila daftarini hayumo.

Nikarudi kwa zile kurasa zangu mbili. Tangu 2023 hesabu za nchi kwa nchi hutolewa zikiwa zimetiwa makosa madogo kwa makusudi, kama mtu anayeongeza viazi vitatu au kupunguza viwili kwenye kila gunia ili asijulikane shamba lililovitoa. Kurasa zilizofunguliwa mara chache nchini huachwa kabisa. Na ngazi ya chini kuliko zote inayotangazwa ni nchi. Hakuna Nakuru, hakuna Njoro. Wanaolalamika kwamba hawawezi kujua kaunti yao ilisoma nini, mimi siko upande wao. Katika mji wenye ugomvi wa ardhi kama wetu, nisingependa mtu ajue ni nani alifungua ukurasa gani usiku gani.

Nilimweleza mzee haya yote, au niseme nilijaribu, tukingoja matatu ya kuteremka Njoro.

"Kwa hiyo hao wazungu wanajua nimeuliza habari za Kindiki?"

"Hapana, mzee. Wanachojua ni kwamba Kenya imeuliza."

"Vizuri," akasema. "Basi uliza na hili la bei ya mbolea."