Fundi Asiyekimbilia Spea

Katika gereji za Tarime mjini, Sirari na Mugumu, mteja akifika na kusema gari lake linamisi, jibu la haraka linajulikana: nunua plagi mpya. Zikishafungwa na gari likaendelea kumisi, inafuata koili, kisha nozeli, kisha pampu ya mafuta, na mwenye gari anaishiwa fedha kabla ugonjwa haujapatikana. Naona tumeukosea heshima ufundi wa magari kwa kuupima kwa nati zilizofunguliwa na spea zilizobadilishwa. Kiini chake ni kuutafuta ugonjwa, na hakuna kazi inayolidhihirisha hilo kama misi sugu ya gari kongwe. Injini ya petroli ikiwa kwenye silensa kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 400 katika dakika hiyo, karibu mara saba kwa sekunde. Mwako mmoja ukipotea hakuna anayesikia. Silinda nzima ikilala, gari linatetemeka na kushindwa mlima, na petroli isiyoungua inaishia kwenye ekzosi. Dalili ni ile ile, lakini chanzo kinaweza kuwa moto wa plagi, mchanganyiko wa mafuta na hewa, au kompresheni ya silinda.

Fundi hodari huanza na swali: linamisi wakati gani? Gari linalomisi asubuhi baada ya mvua ya usiku, kisha likatulia injini ikishapata joto, linamwelekeza kwenye kofia ya distribyuta yenye ufa au nyaya za plagi zilizochakaa, kwa kuwa unyevu huupa umeme njia ya kuvujia. Akifungua boneti gizani injini ikiunguruma, anaweza kuziona cheche zikiruka kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma. Gari linaloamka vizuri likaja kumisi baada ya mwendo mrefu, tuseme limetoka Mugumu na sasa linakaribia Nyamongo, linamfanya aishuku koili inayokufa ikichemka. Linalomisi kwenye silensa tu na kutulia ukikanyaga mafuta, huenda linavuta hewa kupitia mpira uliopasuka. Na kwenye barabara za changarawe, ambako mtikisiko haukomi, soketi iliyolegea ni mtuhumiwa wa kudumu. Baada ya hapo anachomoa soketi za nozeli moja baada ya nyingine. Injini ikiyumba, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Mlio usipobadilika, amempata mgonjwa. Kama kila silinda ina koili yake, anahamisha koili ya silinda iliyolala kwenda kwenye silinda nzima. Misi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, koili haina kosa. Ikibaki shaka ya kompresheni, anapima kwa geji, anamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, kisha anapima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimekwisha; kikigoma, macho yanahamia kwenye vali na gasketi. Mpaka hapo mteja hajanunua hata spea moja.

Plagi yenyewe inasomeka. Ya kahawia hafifu inatoka kwenye silinda yenye afya; nyeusi yenye masizi makavu inashitaki petroli iliyozidi; iliyolowa oili inashitaki ringi au sili za vali; na iliyong'aa kuliko wenzake inaweza kumaanisha maji ya rejeta yanapenya ndani. Hata jiografia ina neno lake. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na miinuko ya Tarime iko juu zaidi ya hapo. Gari la kabureta lililorekebishwa Dar es Salaam likipanda huku linakuta hewa nyepesi, petroli inazidi hewa, na plagi zinakuwa nyeusi. Kubadilisha plagi za gari la namna hiyo ni kutibu kikohozi cha mtu huku ukimwacha ndani ya moshi.

Wapo watakaosema kompyuta imemaliza mjadala huu. Kompyuta ni msaada mkubwa, lakini magari yaliyoanza kulazimika kuwa na mfumo wa kisasa wa kujipima wenye kuitambua misi ni yale ya soko la Marekani, kuanzia toleo la 1996. Toyota nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hazina uwezo huo: fundi huunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha anahesabu taa ya injini inavyopepesa, na misi haimo kwenye orodha ya namba za makosa zinazosomwa hivyo. Hata pale mashine inapoandika P0302, imesema silinda ya pili inakosa mwako. Kwa nini inakosa, haijasema.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: dereva wa Probox ana abiria wanaosubiri na hesabu ya kupeleka jioni, hana muda wa uchunguzi. Namwelewa. Lakini vipimo nilivyovitaja, ukiacha kile cha geji, huchukua dakika chache tu, ilhali spea ya kubahatisha humrudisha gereji kesho. Kinachomfanya fundi akimbilie spea mara nyingi ni namna tunavyomlipa. Akibadilisha koili nne, tunaona kazi na tunatoa fedha bila ubishi. Akigundua mpira wa hewa uliopasuka, akaukata na kuurudisha kwa kibano, tunasema hakufanya kitu. Tumewafundisha mafundi sisi wenyewe kwamba kufikiri hakulipi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na hilo ni jema, lakini cheti hakitambadilisha fundi ambaye mteja wake bado ananunua spea tu.

Basi wewe mwenye gari kongwe linalomisi, patana na fundi wako bei ya kutafuta ugonjwa kabla boneti haijafunguliwa. Kila anapotaka kubadilisha kitu, mwombe akuonyeshe alichokiona. Na akikuambia kumbe ulikuwa mpira wa hewa, mlipe bei ile ile mliyopatana.